Nahodha na Kitambaa Chake: Safari ya Mbwana Samatta kutoka Mbagala, kupitia Lubumbashi, hadi Ulaya

1. Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kusoma wasifu wa wafalme, wa mashujaa wa vita na wa washairi. Wasifu wa mchezaji wa mpira haupewi nafasi kubwa katika masomo yetu, kana kwamba mpira ni jambo la jioni, la kuzungumzwa barabarani tu. Lakini hakuna uwanja ambamo Kiswahili kinasikika kwa sauti kubwa zaidi kuliko uwanja wa mpira, na hakuna cheo cha mchezo kinachobeba historia ndefu ya lugha kuliko cheo cha nahodha.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya nahodha mmoja: Mbwana Ally Samatta, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeongoza timu ya taifa ya Tanzania tangu mwaka 2016. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, miaka iliyomjenga aliipitia Lubumbashi, katika timu ya TP Mazembe, na kwa hiyo historia yake ni sehemu ya historia ya mji huu. Pili, maisha yake yanatusaidia kujibu swali ambalo wapenzi wa mpira hulirukia haraka: nahodha ni nani hasa? Je, ni mchezaji bora kuliko wengine, au ni mtu anayejibu kwa niaba ya wengine?

2. Neno lenyewe

Kabla ya kumfuata mtu, tufuate jina la kazi yake. Neno nahodha halikuzaliwa uwanjani. Lilitoka baharini. Asili yake ni Kiajemi, ambamo sehemu ya kwanza ya neno ina maana ya chombo cha majini na sehemu ya pili ina maana ya bwana au mwenyewe. Nahodha basi ni bwana wa chombo. Neno hilo lilizunguka bandari zote za Bahari ya Hindi, kuanzia Ghuba ya Uajemi na Uarabuni hadi India na pwani ya Afrika ya Mashariki, likiwataja watu wenye madaraka juu ya jahazi, mabaharia wake na shehena yake.

Watangazaji na waandishi wa Kiswahili walipohitaji jina la kiongozi wa wachezaji, walilihamisha neno hilo kutoka baharini hadi nchi kavu. Uhamisho huu ulikuwa wa busara. Timu ni kama chombo: ina watu wenye kazi mbalimbali, ina safari, ina dhoruba. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kweli sheria ya mpira hairuhusu timu kuwa na nahodha zaidi ya mmoja uwanjani kwa wakati mmoja.

Huku kwetu Katanga mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mtu akitembea Kamalondo au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, atasikia zaidi neno kapiteni, lililotoka Kifaransa, kuliko nahodha. Hatuna bahari, na neno la jahazi lilitufikia kupitia vitabu na redio. Tena tunalo neno la tatu, kapita, ambalo hutajwa kuwa na asili ya Kireno na ambalo wazee wanalikumbuka vizuri. Kapita alikuwa msimamizi wa kundi la wafanyakazi katika kazi za enzi ya ukoloni, mtu wa kati, aliyepokea amri kutoka juu na kuzifikisha chini. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wangemwita mnyapara.

Maneno haya matatu si visawe kamili. Nahodha ana chombo chake na anajua njia. Kapiteni ana cheo. Kapita hana chombo wala hana uhuru. Ana lawama za pande mbili, za mabwana na za wafanyakazi wenzake. Tutaona mbele kwamba mchezaji anayevaa kitambaa huwa yote matatu kwa nyakati tofauti.

3. Sheria inampa nini?

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria za mpira zinampa nahodha kidogo sana. Sheria zinasema kuwa hana hadhi ya pekee wala upendeleo wowote, ila ana kiasi fulani cha wajibu kuhusu mwenendo wa timu yake. Hushiriki katika urushaji wa sarafu kabla ya mchezo kuanza. Hapangi kikosi, hamtoi mchezaji, wala hawezi kubatilisha uamuzi wa mwamuzi.

Miaka ya hivi karibuni wajibu huo umeongezwa uzito. Kuanzia msimu wa 2024/25 sheria ilitamka wazi kuwa kila timu lazima iwe na nahodha uwanjani, naye avae kitambaa cha kumtambulisha. Mwaka huohuo wa 2024, katika mashindano ya mataifa ya Ulaya yaliyofanyika Ujerumani, ilielekezwa kwamba ni nahodha peke yake anayeruhusiwa kumwendea mwamuzi kuuliza juu ya uamuzi fulani. Wengine wakae mbali. Kwa hiyo nahodha amekuwa mdomo wa timu, na mdomo huo ukikosea, timu nzima hulipa.

Lubumbashi inakumbuka mfano wake. Mwaka 2010 Trésor Mputu, nahodha wa TP Mazembe na mchezaji bora kati ya waliocheza ndani ya Afrika kwa mwaka 2009, aliingia katika ugomvi na mwamuzi mjini Kigali, katika mchezo wa mashindano ya vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati. FIFA ilimfungia mwaka mmoja. Desemba ya mwaka huo Mazembe ilikwenda Abu Dhabi, ikaifunga Pachuca ya Meksiko 1–0 na Internacional ya Brazili 2–0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, kisha ikafungwa 3–0 na Inter ya Milano. Kilele hicho cha historia ya mji wetu kilifikiwa bila nahodha wake. Hatulitaji jambo hili ili kumsuta Mputu, ambaye vipaji vyake vinajulikana na kila mtu. Tunalitaja kwa kuwa linaonyesha bei ya kitambaa: dakika chache za hasira zinaweza kugharimu mwaka mzima.

4. Kutoka Mbagala hadi Kamalondo

Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992, Dar es Salaam, na alikulia Mbagala, upande wa kusini wa jiji hilo. Alianza na timu ya Mbagala Market, ambayo baadaye ilijulikana kama African Lyon. Mwaka 2010 alisajiliwa na Simba, mojawapo ya vilabu viwili vikubwa vya Tanzania, lakini hakukaa muda mrefu.

Mapema mwaka 2011 ratiba ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika iliikutanisha Simba na TP Mazembe, iliyokuwa bingwa mtetezi. Mazembe ilishinda uwanjani na kusonga mbele, na viongozi wake walimwona kijana mshambuliaji wa upande wa pili. Kisha yakafuata mambo ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuyabuni. Simba ilipeleka malalamiko kwamba Mazembe ilimchezesha mchezaji asiye na uhalali. Shirikisho la Afrika likakubali, likaiondoa Mazembe katika mashindano, na Simba ikapewa nafasi ya kucheza na Wydad ya Casablanca, ambako ilifungwa. Mwaka huohuo Samatta akahamia katika timu ileile ambayo klabu yake ilikuwa imeishtaki. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Klabu aliyoikuta ilikuwa na historia ndefu. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto wa Élisabethville kwa jina la Saint-Georges, baadaye ikaitwa Englebert, na mwishowe Tout Puissant Mazembe. Ilikwisha kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009 na 2010. Mwaka huohuo wa 2011 ilifungua uwanja wake mpya Kamalondo. Rais wake, Moïse Katumbi, ambaye wakati huo alikuwa pia gavana wa Katanga, alikuwa akisajili wachezaji kutoka pande nyingi: Wazambia, Waghana, Wamali, Wakodivaa, na Watanzania wawili, yaani Samatta na Thomas Ulimwengu.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana la kutazama. Mchezaji wa Ghana au wa Mali anayefika Lubumbashi huingia katika mji wa lugha ngeni. Mtanzania hukuta jambo jingine: mji mzima unazungumza Kiswahili, lakini si kile alichokuja nacho. Sokoni atasikia viambishi vilivyobadilika, Kifaransa kilichoingia katikati ya sentensi, na maneno ya Kibemba na ya Kiluba. Wataalamu kama Johannes Fabian, aliyechapisha kitabu chake juu ya historia ya Kiswahili katika Kongo ya kikoloni mwaka 1986, wameonyesha jinsi lugha hii ilivyokua pamoja na kazi za migodi. Kwa Mtanzania kijana, basi, Lubumbashi ni ugenini ambako watu wanakuelewa. Tunadhani jambo hili si dogo. Wachezaji wengi wa Afrika hurukia Ulaya wakiwa na umri wa miaka 18, wakakutana kwa siku moja na baridi, lugha ngeni na upweke. Samatta alipata daraja la katikati.

Naye hakuharakisha kulivuka. Alikaa Mazembe miaka minne na nusu. Alishinda ubingwa wa ligi ya Kongo, lakini pia alionja kushindwa: timu iliishia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2012 mbele ya Espérance ya Tunis, ikapoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2013 mbele ya CS Sfaxien, na mwaka 2014 ikatolewa katika nusu fainali na ndugu zetu wa Vita Club ya Kinshasa. Anayetaka kujua mahali Samatta alipojifunza uvumilivu, asome orodha hiyo.

5. Mwaka 2015: juu na chini katika siku tisa

Mwaka 2015 mlango ulifunguka. Katika mchezo wa mwisho wa kundi Mazembe iliifunga Moghreb Tétouan ya Moroko 5–0, naye Samatta akafunga mabao matatu. Katika nusu fainali timu ilifungwa 2–1 Omdurman na Al-Merrikh, ikageuza mambo nyumbani kwa ushindi wa 3–0. Fainali ilikuwa dhidi ya USM Alger. Tarehe 31 Oktoba, mjini Algiers, Mazembe ilishinda 2–1. Bao la pili lilikuwa penalti ya Samatta. Tarehe 8 Novemba, Kamalondo, ilishinda 2–0, na bao la kwanza lilikuwa tena penalti ya Samatta. Ubingwa wa tano ukarudi Lubumbashi.

Penalti katika fainali ni mtihani wa pekee. Mpigaji anajua mahali anapotaka kupiga, golikipa hajui, na hata hivyo hofu yote iko kwa mpigaji, kwa sababu kipa akifungwa halaumiwi, bali mpigaji akikosa hukumbukwa. Kijana wa miaka 22 aliyekubali kuubeba mzigo huo mara mbili katika fainali moja alikuwa tayari amefanya kazi ya nahodha, ingawa hakuwa na kitambaa.

Lakini mpira hauachi mtu alewe sifa. Siku sita baada ya ubingwa, tarehe 14 Novemba, Samatta alikuwa Dar es Salaam akiichezea Tanzania dhidi ya Algeria katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia. Tanzania iliongoza 2–0, bao la pili likiwa lake, kisha Algeria ikasawazisha. Tarehe 17 Novemba, mjini Blida, Algeria ikaifunga Tanzania 7–0. Siku tisa tu zilitenganisha kombe la Afrika na mabao saba.

Siku tisa hizo zinafundisha kuliko hotuba nyingi. Mchezaji yuleyule, kwa miguu ileile, alikuwa bingwa katika timu moja na mwathirika katika nyingine. Mazembe ilikuwa na fedha, na uwanja wake, na wachezaji waliozoeana. Timu ya taifa ilikuwa na siku chache za mazoezi na wachezaji waliotoka katika ligi zenye viwango tofauti. Mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuziba pengo kama hilo. Nahodha anayesahau ukweli huu atajilaumu bure au atawalaumu wenzake bure.

Januari 2016, mjini Abuja, Samatta alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mwaka 2015 kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kupata tuzo hiyo. Wa pili alikuwa mwenzake wa Mazembe, golikipa Robert Kidiaba, ambaye ulimwengu unamjua kwa namna yake ya kusherehekea mabao akiwa ameketi chini na kurukaruka.

6. Kupewa kitambaa

Mwezi huohuo kocha wa Tanzania, Charles Boniface Mkwasa, alimteua Samatta kuwa nahodha wa timu ya taifa, Taifa Stars. Alichukua nafasi ya Nadir Haroub, beki wa Yanga kutoka Zanzibar aliyejulikana kwa jina la Cannavaro, ambaye alikuwa mkubwa wake kwa umri na kwa utumishi. Muda mfupi baadaye Haroub alitangaza kustaafu timu ya taifa.

Uteuzi huo unaleta swali gumu ambalo kila jamii yetu inalijua. Je, uongozi ni haki ya mkubwa, au ni haki ya mwenye sifa? Katika timu nyingi za Afrika kitambaa hufuata umri na miaka ya utumishi, kama vile neno la kwanza barazani hufuata mvi. Kocha alipokitoa kwa kijana wa miaka 23, alivunja desturi hiyo kwa kutegemea jambo lingine: heshima iliyopatikana nje. Hoja ya upande wa desturi si ya kupuuzwa. Mkubwa aliyevumilia miaka ya njaa anastahili kutambuliwa, na timu inayowatupa wakubwa wake huwafundisha vijana kwamba utumishi hauna malipo. Hoja ya upande wa pili nayo ina nguvu: wachezaji wengine walihitaji kumwona mbele yao mtu aliyefika mahali wao walikodhani hapafikiki. Sisi tunaona kwamba uamuzi wa namna hii huhesabiwa haki au kosa baada ya miaka, si siku ya kutangazwa.

Mchezo wa kwanza wa mashindano chini ya unahodha wake ulichezwa N'Djamena, tarehe 23 Machi 2016. Tanzania iliifunga Chad 1–0, na mfungaji alikuwa Samatta mwenyewe. Siku chache baadaye, kabla ya mchezo wa marudiano, Chad ilijiondoa katika mashindano, na matokeo yake yote yakafutwa. Hivyo bao la kwanza la nahodha mpya halikuisaidia timu yake kupata hata pointi moja.

7. Genk: kutoka mji wa shaba hadi mji wa makaa

Januari 2016 Samatta aliondoka Lubumbashi kwenda Genk, Ubelgiji. Uhusiano wa miji hii miwili haujatajwa vya kutosha. Genk ulikuwa mji wa migodi ya makaa ya mawe, na klabu yake ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganishwa vilabu viwili, Winterslag na Waterschei, vyenye majina ya sehemu za migodi hiyo. Migodi yenyewe ilifungwa, ya mwisho ikiwa katika miaka ya 1980. Mtu aliyetoka katika timu ya mji wa shaba aliingia katika timu ya mji wa makaa; watu wa pande zote mbili wanajua maana ya kazi ya chini ya ardhi na ya Jumapili ya mpira.

Huko alikomaa. Agosti 2018 alifunga mabao matatu dhidi ya Brøndby ya Denmark katika mchezo wa kufuzu Ligi ya Europa. Katika msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, na Genk ikatwaa ubingwa wake wa nne wa Ubelgiji. Mwaka 2019 alipewa Kiatu cha Mpingo, tuzo ambayo Ubelgiji humpa mchezaji bora wa ligi yake mwenye asili ya Afrika. Novemba mwaka huo, katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, alifunga kwa kichwa katika uwanja wa Liverpool, Anfield, ingawa Genk ilifungwa 2–1.

8. Uingereza, na namna ya kushuka

Januari 2020 Aston Villa ilimnunua kwa bei iliyotajwa kuwa yapata pauni milioni 8.5. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Februari alifunga katika mchezo wake wa kwanza wa ligi hiyo, dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga katika fainali ya Kombe la Ligi, uwanja wa Wembley, mbele ya Manchester City. Timu yake ilifungwa 2–1 katika michezo yote miwili. Kisha ugonjwa wa korona ukasimamisha mpira. Ulipoanza tena, Villa ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja, na mabao hayakuja. Alicheza michezo 14 ya ligi na kufunga bao moja. Septemba 2020 alikwenda Fenerbahçe ya Uturuki.

Waandishi wengi huishia hapo au huharakisha yanayofuata, kwa kuwa yanafanana na kushuka: mkopo Antwerp msimu wa 2021/22, mkopo wa kurudi Genk msimu wa 2022/23, PAOK ya Thessaloniki mwaka 2023, na Le Havre ya Ufaransa mwaka 2025. Sisi tunapendekeza hesabu nyingine. Mchezaji wa mpira hana mshahara wa uzeeni unaomngoja, wala hana hakika ya mkataba ujao. Goti moja likivunjika, kazi imekwisha. Kuendelea kuajiriwa katika ligi za Uturuki, Ubelgiji, Ugiriki na Ufaransa hadi kupita umri wa miaka 30 ni ustadi wa pekee. Tena pale PAOK alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Ugiriki mwaka 2024.

9. Chombo cha taifa

Kazi ya nahodha hupimwa zaidi mahali pagumu, yaani katika timu ya taifa. Tanzania ilikuwa imecheza fainali za Kombe la Afrika mara moja tu, Nigeria mwaka 1980, nahodha akiwa Leodegar Tenga, ambaye baadaye aliliongoza shirikisho la mpira la nchi yake. Vizazi viwili vilizaliwa bila kuona tena jambo hilo.

Safari ya kwenda Misri 2019 ilikuwa ya mashaka. Tarehe 12 Oktoba 2018 Tanzania ilifungwa 3–0 ugenini na Cape Verde. Siku nne baadaye, Dar es Salaam, nahodha alikosa penalti mapema. Hata hivyo hakuinamisha kichwa, akafunga bao la pili katika ushindi wa 2–0. Kisha wakafungwa na Lesotho. Siku ya mwisho, tarehe 24 Machi 2019, ilibidi waishinde Uganda na tena Lesotho isishinde Praia. Tanzania ilishinda 3–0 kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Lesotho ikatoka sare. Nahodha hakufunga siku hiyo, na huenda ndiyo siku yake bora, kwa sababu chombo kilifika bila kumtegemea yeye peke yake.

Misri, walifungwa michezo yote mitatu: 2–0 na Senegal, 3–2 na Kenya baada ya kuongoza mara mbili, bao moja likiwa la Samatta, na 3–0 na Algeria. Katika fainali za mwaka 2023, zilizochezwa Ivory Coast mapema mwaka 2024, walifungwa na Moroko, wakatoka sare na Zambia, na tarehe 24 Januari 2024, mjini Korhogo, walikutana na Kongo. Matokeo yalikuwa 0–0. Sare hiyo iliwatoa Watanzania na kuwapeleka mbele Chui wetu, waliofika nafasi ya nne. Katika michezo ya kufuzu fainali zilizofuata tulikuwa nao tena kundi moja, na sote wawili tukafuzu. Huko Moroko, Desemba 2025 na Januari 2026, Tanzania ilitoka sare na Uganda na Tunisia, ikaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza, ikatolewa na wenyeji kwa bao 1–0.

Ni lazima tuseme ukweli wote. Katika fainali hizo nne, za 1980, 2019, 2023 na 2025, Tanzania ilicheza michezo 13 bila kushinda hata mmoja. Anayehesabu makombe tu atasema kwamba nahodha hakufaulu. Anayehesabu safari ataona kwamba nchi iliyongoja miaka 39 ilifuzu mara tatu katika muda wa miaka saba hivi.

10. Hitimisho

Tumeuliza nahodha ni nani. Maisha ya Samatta yanatupa majibu yanayolingana na maneno matatu tuliyoyachambua. Ni kapiteni, kwa kuwa kocha amempa cheo na mwamuzi anakitambua kitambaa chake. Ni kapita, kwa kuwa anasimama kati ya wakubwa na wenzake, akilaumiwa kwa mabao saba ambayo hakuyapanga wala hakuweza kuyazuia. Na ni nahodha, pale anapopiga penalti ya fainali, au pale anapokosa penalti na kuendelea kucheza ili wengine wasivunjike moyo.

Kwa wasomaji wa Lubumbashi kuna jambo moja la kuongeza. Wasifu wake unapoandikwa Ulaya huanzia Genk, na mara nyingi Dar es Salaam hukumbuka zaidi Wembley. Lakini mchezaji aliyefika Genk akiwa bora wa Afrika alitengenezwa hapa, katika miaka minne na nusu ya mazoezi, fainali zilizopotea na moja iliyopatikana, kwenye majani ya bandia ya Kamalondo, katika mji unaozungumza lugha yake kwa lafudhi nyingine. Ligi za Afrika si chumba cha kungojea ndege tu. Zikiwa na uwanja, mishahara inayolipwa na uvumilivu wa viongozi, huwalea wachezaji hadi wakomae.

Kazi inabaki kwa wanafunzi wetu. Msamiati wa mpira wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Kisangani na wa Dar es Salaam haujakusanywa na kulinganishwa inavyostahili. Wachezaji wanaovuka mipaka hii wako hai na wanaweza kuulizwa. Watangazaji wazee wa redio bado wanakumbuka maneno waliyoyabuni. Anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho wa masomo aanzie uwanjani, akiwa na daftari, kabla sauti hizo hazijanyamaza.